Wiki ya Mwisho ya Mei na Askari Aliye Barabarani



Katika taarifa ya habari iliyomalizika punde mmesikia mwelekeo wa hali ya hewa wa wiki hii ya mwisho ya Mei. Ilielezwa kwamba hali haitatulia. Mvua za ngurumo zinatazamiwa alasiri na usiku katika sehemu nyingi za Equatoria, Uganda ya kaskazini na Ethiopia ya magharibi. Katika nyanda za juu za Kenya mvua za masika zinafikia kikomo. Pwani, kutoka Mombasa mpaka Pemba na Unguja, mvua bado zipo. Na upande wa Kapoeta na Turkana upepo utakuwa mwingi kuliko mvua. Maelezo hayo yalichukua muda usiozidi dakika moja. Kisha yakafuata matokeo ya mpira, na hapana shaka hapo ndipo masikio ya wengi yalipofunguka.

Mazungumzo ya leo yanairudia ile dakika moja, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo askari akiyasikia vibaya yaweza kumgharimu.

Kwanza ni lile neno masika. Wengi wetu tulikipata Kiswahili ugenini, shuleni Kenya au Uganda, na pamoja na lugha tukapata kalenda ya wenye lugha: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli mwishoni mwa mwaka, kusi ikivuma katikati. Kalenda hiyo ni ya kweli kwa Nairobi na Dar es Salaam. Kwa Juba si ya kweli. Hapa mvua huanza kushika mwezi wa Aprili na huendelea, kwa kupanda na kushuka, mpaka Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mtangazaji anaposema kwamba masika yanamalizika, askari wa Munuki asidhani ameambiwa avue koti la mvua. Habari hiyo hiyo inayomwaga mkulima wa Nakuru humkaribisha mkulima wa Yei. Ukanda wa mvua haukufa. Umehama tu, na umehamia kwetu.

Kuhama kwake si jambo la siri. Mwanzoni mwa Aprili jua la adhuhuri husimama utosini hapa Juba, kisha huendelea kwenda kaskazini. Ardhi hupata joto kali, hewa yake hupanda, na pepo zenye unyevu kutoka bahari ya Hindi na kutoka misitu ya Kongo huvutwa kuja kujaza nafasi. Zikutanapo hujenga mawingu marefu. Ukanda huo wa makutano ya pepo hulifuata jua nyuma, ukichelewa majuma kadhaa, kama vile mizigo ya kikosi inavyofuata nyuma ya askari wa mbele. Mwezi wa Mei unapokwisha, sehemu kubwa ya nchi yetu imo chini yake.

Hata hivyo ukanda huo hautoi mvua sawa kila mahali wala kila siku, na ndiyo maana taarifa husema hali haitatulia. Asubuhi huweza kuwa safi kabisa. Saa nane mchana joto hushika, saa kumi wingu jeusi huonekana, na jua linapotua mitaa imekwisha kuwa mito. Dhoruba kubwa za sehemu zetu mara nyingi hutoka mashariki, zikiwa zimezaliwa karibu na milima ya Ethiopia au juu ya nyanda zilizopashwa joto, nazo husafiri kwa safu kuelekea magharibi zikitanguliwa na upepo wa baridi na vumbi. Mzee yeyote wa Kibari huyajua hayo pasipo kusomewa taarifa. Mwenye lindo la usiku na atazame mashariki kabla hajatazama juu.

Kapoeta ina mambo yake. Kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya pana uwazi mkubwa, na pepo za kusini mashariki hubanwa humo zikapita kwa kasi juu ya Turkana. Wataalamu Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo wa upepo mwaka 1982. Upepo unaokimbia namna hiyo haupati nafasi ya kupanda na kujenga wingu, nao hukausha unapopita. Ndiyo sababu askari aliye Kapoeta huandika nyumbani kuomba maji katika wiki ile ile ambayo mwenzake wa Yambio anaomba mabuti mapya.

Sasa tuje Munuki, mahali ninapokaa na ninapopaona kwa macho.

Munuki ni moja ya payam tatu za mji wa Juba, pamoja na Kator na ile iitwayo Juba yenyewe. Ardhi ya mji huu inateremka kutoka upande wa Jebel Kujur, magharibi, kwenda mtoni Nile, mashariki. Maji ya mvua hayana njia nyingine isipokuwa kukatiza mitaani mwetu, katika makorongo ambayo sote twayaita khor. Kwa miezi mingi khor ni njia ya mbuzi na kiwanja cha watoto. Gari hupita ndani yake bila dereva kupunguza mwendo. Zamani, nyumba zilipokuwa chache na nyasi nyingi, ardhi ilikunywa sehemu ya mvua. Leo pana mabati, kuta na udongo ulioshindiliwa na magurudumu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye bati la mita 30 za mraba, ikinyeshewa mvua ya milimita 40 kwa jioni moja, humwaga lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Hiyo ni nyumba moja. Hesabu mabati yaliyoko kati ya Jebel na Munuki, kisha ukumbuke kwamba yote yanamwaga kwa wakati mmoja na kwamba khor ni lile lile la zamani, tena limejazwa chupa za plastiki. Juba hupata kwa wastani karibu milimita 950 mpaka 1,000 za mvua kwa mwaka. Si nyingi mno. Kinachotuumiza ni kule kuja kwake kwa ghafla.

Jambo ambalo mgeni hulikosea ni hili: khor la Munuki huweza kujaa wakati Munuki hapajanyesha hata tone. Mvua imenyesha Jebel. Mtu anavuka juani, anasikia sauti kama ya lori, na akigeuka ukuta wa maji ya matope umekwisha kufika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka zamu ya jioni. Mvua ilikuwa imekatika, watu wakitaka kwenda makwao, na khor lililo karibu na kwetu lilikuwa limejaa. Upande wetu palikuwa na wanafunzi, akina mama waliotoka sokoni, bodaboda zipatazo kumi, na askari polisi mmoja, mwanamke mwenye cheo cha sajini. Hakuwa na kamba wala taa wala mwenzake. Alikuwa amesimama katikati ya njia, maji yakimfika kwenye vifundo, amenyoosha mikono.

Likaja gari la jeshi aina ya Land Cruiser, na ndani yake afisa mwenye nyota tatu begani. Dereva akapiga honi. Yule sajini akapiga saluti, akabaki pale pale. Afisa akateremka, akasema ana kazi ya haraka. Yule mama akamjibu kwa Kiarabu cha Juba, nami naeleza maana yake tu: "Afande, nyota zako mimi naziona. Maji hayazioni." Watu wakacheka, afisa hakucheka. Lakini alirudi garini, akafunga mlango, akangoja. Kwa saa yangu alingoja dakika hamsini. Maji yalipopungua tukaona kwamba kipande cha njia ya kuvukia, upana wa gari zima, kilikuwa hakipo. Kilichukuliwa na maji, na juu yake maji yalikuwa yamepita kwa usawa ule ule kama mahali pengine, pasipo dalili yoyote.

Sikupata kulijua jina la sajini yule. Nalieleza jambo hili si kwa kumsifu yeye peke yake. Yule afisa naye alifanya jambo gumu: alikubali kuzuiwa mbele ya watu na mtu wa cheo cha chini.

Kuna mahali ambapo hakuna aliyezuia. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilifika mto Enziu, karibu na Mwingi. Mto ulikuwa umefurika juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama, wengine wakipiga picha kwa simu. Basi likaingia majini polepole, likasukumwa kando, likalala ubavu, likazama. Watu zaidi ya 30 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao, na wapiga mbizi wa jeshi la majini la Kenya walikuja kusaidia kuwatoa. Picha zile zilisambaa Afrika Mashariki nzima. Atakayezitazama atagundua kwamba basi halikuingia kwa kasi wala kwa ulevi. Liliingia kwa mashaka, na penye mashaka ndipo amri ya askari mmoja huwa na uzito.

Basi na vipimo hivi vikaririwe kama vinavyokaririwa vipimo vya bunduki. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuielea gari ndogo. Sentimita 60 huchukua gari nyingi, pamoja na zile pikapu ambazo polisi wetu huziamini kupita kiasi. Gari nzito hudanganya, maana likishaingia majini maji hulisukuma kutoka chini na ubavuni kwa pamoja, na magurudumu hayashiki tena. Aidha maji ya matope hayaonyeshi kama barabara bado ipo.

Nimesema wingu litazamwe mashariki. Mto, kinyume chake, na utazamwe kusini. Nile inayopita hapa Juba inatoka ziwa Victoria, ikipita Kyoga na Albert, kisha Nimule. Maziwa hayo ni kama maghala makubwa: hupokea kwa haraka, hutoa kwa polepole. Mvua kubwa zikinyesha Bukoba au Kisumu hatuzioni hapa kesho yake; twaziona baada ya miezi, na kwa muda mrefu. Kati ya 1961 na 1964 ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na vinamasi vyetu vya Sudd vikapanuka vikameza malisho ambayo wafugaji walikuwa wakiyategemea kwa vizazi. Mei 2020 ziwa lilifika kiwango cha juu kuliko vyote vilivyopata kupimwa, na Mei 2024 likakivuka hicho nacho. Bentiu, tangu 2021, uliendelea kuishi ndani ya boma za udongo, maji pande zote, na wahandisi wa jeshi la Pakistan walio katika kikosi cha Umoja wa Mataifa wakishirikiana na wengine kuzitunza boma zile. Hiyo pia ni kazi ya uaskari, ingawa haina gwaride.

Lakini mto una mwendo wa pili, ulio wa haraka. Kaskazini ya Nimule, mto Achwa unaingia Nile ukitoka Gulu na Kitgum. Wala hauna ziwa la kuutuliza. Pamoja nao ni vijito vingi vya milimani vinavyoshuka kati ya Nimule na Juba. Mvua ya usiku mbili tatu mfululizo Uganda ya kaskazini huweza kuupandisha mto Juba baada ya siku chache, na baada ya hapo Mongalla na Bor. Askari aliye kambi ya ukingoni asikiapo katika taarifa maneno "Uganda ya kaskazini" asidhani ni habari ya jirani. Ni habari ya kambi yake, imechelewa kidogo tu.

Sasa radi, ambayo katika wiki kama hii huua watu bila mafuriko yoyote. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, Uganda, watu walikusanyika kwa sala. Mvua ikaanza, radi ikapiga, na watu 14 wakafa, wengine 34 wakajeruhiwa. Makazi yale wengi wa wakaao humo ni ndugu zetu wa nchi hii. Walikuwa ndani ya jengo, wamejikinga na mvua. Miaka 13 kabla yake, Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, nao walikuwa darasani.

Twajifunza kwamba kujikinga na mvua si kujikinga na radi. Rakuba ya nguzo za miti na bati juu haimlindi mtu. Tukul haimlindi. Mti mkubwa, ambao askari wa doria huukimbilia kwanza, ni mahali pabaya kuliko pengine pote. Mnara wa lindo nao ni mbaya, na hali kadhalika mlingoti wa redio ambao waya wake wa kuingia ardhini ulikatika zamani na hakuna aliyeshughulika kuurudisha. Mahali pazuri ni nyumba imara yenye nyaya na mabomba yaliyofungwa vema, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyopandishwa. Askari wazoefu wana faida moja hapa. Mmezoea kuona mmweko wa mzinga na kuhesabu mpaka msikie mlio. Hesabu ni ile ile: sauti huchukua takriban sekunde tatu kwa kilomita moja. Ukiona umeme na kusikia ngurumo kabla hujafika sekunde thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi, nawe umo katika uwanja wake. Teremka mnarani. Usirudi mpaka dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kamanda atakayeona kwamba dakika thelathini bila mlinzi mnarani ni uzembe na apange lindo la chini mapema, kabla ya wiki kama hii kuanza, asije akaamua jambo hilo mvua ikiwa imekwisha fika.

Kuhusu maradhi nitasema machache, kwani idara ya afya ina wasemaji wake. Kipindupindu kilitangazwa hapa Juba Mei 2014 na tena Juni 2015, yaani mara zote mbili mvua zikiwa zimeanza kazi. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2024 huko Renk ulienea sehemu nyingi za nchi. Vyoo vikifurika, visima vifupi huchafuka. Maji ya lori yatiwe dawa hata kama dereva anaapa kwamba yamekwisha kutiwa.

Nirejee kwenye taarifa yenyewe, kwa sababu nimepata kuwasikia askari wakiikejeli. Husema: walituambia mvua, mbona hapakunyesha? Kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, kilicho Ngong nchini Kenya, kilianza mwaka 1989 kama kituo cha kuangalia ukame. Mwezi wa Mei, kila mwaka, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hutoa pamoja mwelekeo wa mvua za Juni mpaka Septemba, na katikati ya hapo hutolewa taarifa za kila wiki. Taarifa hizo husema juu ya uwezekano. Kama ramani inaonyesha kwamba uwezekano wa mvua kuzidi wastani ni asilimia 45, maana yake ni kwamba hali hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko nyingine mbili, yaani mvua za wastani na mvua chini ya wastani. Si ahadi. Vile vile taarifa ya eneo zima haiwezi kutaja mtaa. Dhoruba moja huweza kunyesha Gudele ikaiacha Kator katika vumbi, na mtabiri asiwe mwongo.

Makamanda wanapaswa kulielewa jambo hili upesi zaidi ya wengine, maana taarifa za adui pia huja kwa namna hiyo. Ofisa wa upelelezi hasemi adui atafika saa ngapi. Husema yamkini yuko upande fulani, na kamanda hupanga askari wake. Anayekataa kupanga mpaka apewe hakika hatapanga kamwe. Historia ya sehemu zetu ina mfano ulio wazi. Mwaka 1916, katika vita ya Waingereza na Wajerumani huko Tanganyika, Jenerali Smuts alimsukuma Jenerali van Deventer na wapanda farasi wake kutoka upande wa Arusha mpaka Kondoa Irangi. Waliutwaa mji tarehe 19 Aprili. Kisha masika yakafunga njia nyuma yao. Malori yakazama, farasi wakafa kwa mamia, chakula kikabebwa vichwani mwa wapagazi, na jeshi lililoshinda likakaa mjini likiwa na njaa. Mvua zile hazikuwa za ajabu. Wenyeji wangeweza kuzitaja mwezi wake kwa jina. Wapagazi waliokufa katika safari za namna ile hawakuandikiwa makaburi, nalo hilo sharti likumbukwe kila historia hiyo inapotajwa kwa kusifu majenerali.

Leo tuna lami kutoka Juba mpaka Nimule, kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012, na njia hiyo ndiyo mdomo wa mji huu. Njia nyingine nyingi bado ni za udongo. Lori moja lililokwama katikati husimamisha chakula cha kambi nzima na dawa za hospitali pamoja. Mkuu wa usafiri aliyesikia kwamba wiki haitatulia na apeleke msafara asubuhi, siyo saa tisa, na apunguze mzigo.

Limebaki jambo moja, nalo ni ombi zaidi kuliko maelezo. Mwaka 1929 ilianzishwa idara moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, na siku zile vipima mvua viliwekwa popote palipokuwa na mtu wa kuaminika wa kuvisoma: misheni, mashambani, ofisi za wilaya, vituo vya polisi. Kwetu, vita vilivyoanza 1983 viliacha vituo vingi vya kupimia bila watu. Matokeo yake ni kwamba mtabiri wa leo, mwenye setilaiti juu ya kichwa chake, huliona wingu lililo juu ya Terekeka lakini hajui kilichofika chini. Kati ya watu wachache walio kila mahali katika nchi hii, usiku na mchana, mvua na jua, ni ninyi mnaonisikiliza.

Kifaa chenyewe si cha gharama. Palipo kipima mvua rasmi na kitumiwe. Pasipokuwapo, kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja, likisimamishwa mahali pa wazi mbali na paa na miti, likafungwa lisianguke kwa upepo, na likasomwa kwa rula ya shule, litatoa jibu linalofaa. Lisomwe saa mbili asubuhi. Nataja saa kwa makusudi: tangu tarehe 1 Februari 2021 saa zetu ziko nyuma ya Nairobi na Kampala kwa saa moja, na wenzetu wa huko husoma vipima vyao saa tatu, ambayo ni saa mbili yetu. Akishasoma, askari amwage maji, alirudishe kopo, na aandike katika kitabu cha matukio tarehe na milimita, kisha aitume habari hiyo kwa redio pamoja na taarifa ya asubuhi ya kituo. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Nafasi iliyoachwa wazi haimwelezi mtu kama mvua haikunyesha au kama askari hakwenda kupima.